Herman Snellen: Aliyewapa madaktari kipimo cha kuona

KILA anayesimamishwa mbele ya bango la herufi katika kliniki ya macho, akasoma kuanzia herufi kubwa ya juu hadi ndogo za chini, hupimwa kwa kanuni iliyowekwa na daktari wa Kiholanzi, Herman Snellen, aliyefariki dunia zaidi ya karne moja iliyopita.

Snellen alizaliwa Februari 19, 1834, katika mji wa Zeist. Alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Utrecht na kuhitimu mwaka 1858, mwaka ambao mwalimu wake, Profesa Franciscus Donders, alianzisha hospitali ya macho mjini Utrecht. Kijana huyo akawa msaidizi wake.

Enzi hizo madaktari hawakuwa na kipimo cha pamoja cha uwezo wa kuona. Eduard Jaeger wa Vienna alikuwa ametoa maandishi ya kupimia macho mwaka 1854, lakini ukubwa wa herufi zake ulitegemea zile walizokuwa nazo wachapaji. Hivyo, matokeo ya daktari mmoja hayakuweza kulinganishwa kwa uhakika na ya mwingine.

Mwaka 1862 Snellen alichapisha bango lake. Kila herufi aliichora ndani ya mraba wenye visehemu vitano kwa vitano, unene wa mistari yake ukiwa sehemu moja ya tano ya urefu wake. Kwa kanuni hiyo, herufi ambayo jicho zima linapaswa kuitambua umbali wa mita 6 ina urefu wa karibu milimita 9.

Hapo ndipo ilipotoka hesabu ya 6/6. Mwenye 6/60 hulazimika kusogea hadi mita 6 ili aone kile ambacho mwenye macho mazima hukiona akiwa mita 60.

Kwa wanaofanyiwa upasuaji wa macho kwa mionzi ya leza, bango hilo ni shahidi. Kabla ya upasuaji, mgonjwa hupimwa bila miwani, kisha akiwa na lenzi zinazomfaa. Baadaye vipimo vyote viwili hurudiwa. Akisoma bila miwani mstari ambao awali aliusoma kwa miwani tu, lengo limefikiwa. Lakini iwapo hata kwa lenzi bora anasoma mistari michache kuliko awali, amepoteza uwezo ambao miwani haiwezi kuurejesha.

Hata hivyo, kipimo hicho kina mipaka. Herufi nyeusi juu ya karatasi nyeupe hazionyeshi usumbufu wa taa za magari usiku, hivyo mgonjwa aliyepata 6/6 huweza kulalamika, na malalamiko yake yakawa ya kweli. Aidha, mstari wa juu una herufi chache kuliko wa chini. Kasoro hiyo iliwafanya wataalamu Ian Bailey na Jan Lovie kubuni mwaka 1976 bango lenye herufi tano katika kila mstari, ambalo mpangilio wake hupendelewa katika utafiti.

Snellen aliteuliwa kuwa profesa wa tiba ya macho mwaka 1877, na kuanzia mwaka 1884 hadi 1903 aliiongoza hospitali ya mwalimu wake. Alifariki dunia mjini Utrecht Januari 18, 1908, akiwa na umri wa miaka 73, akiwaachia madaktari lugha moja ya kueleza kile ambacho mgonjwa anakiona.