Daktari Aliyemtafuta Muuaji Kisogoni

Nilipokuwa mtoto wa chuoni, mtaani kwetu Mombasa palikuwa na mzee mmoja mfua nazi. Taya lake lilikuwa limepinda, jicho moja dogo kuliko la pili, na masikio yake yamesimama kama vishikio vya sufuria. Mama zetu walitutisha naye tulipokataa kulala. Basi siku moja mtoto wa jirani akapotea tangu adhuhuri, na kabla ya magharibi watu walikuwa wamekwisha kulivamia banda la mzee yule na kumtoa nje. Alipigwa. Usiku ule ule mtoto akaonekana Likoni kwa shangazi yake, kavuka kwa feri bila ya kumwambia mtu. Mzee hakuwa na kosa lolote ila sura yake. Na mimi, astaghfirullah, nilikuwa nimeshika jiwe mkononi.

Jiwe lile limenirudia mara nyingi nilipokuwa nikisoma maisha ya mtu ninayetaka kuwasimulia leo. Naye si mwuaji, bali ni daktari aliyetumia umri wake kuwatafuta wauaji. Hakuwatafuta kichochoroni wala msituni. Aliwatafuta katika mifupa ya vichwa vyao. Jina lake ni Cesare Lombroso wa Italia, na kila anayeandika juu ya tabia za wauaji na namna ya kuwagawa mafungu huanza naye, awe anamsifu au anamlaumu.

KIJANA WA VERONA

Lombroso alizaliwa tarehe 6 Novemba 1835 katika mji wa Verona, kaskazini mwa Italia, wakati mji huo ukiwa chini ya milki ya Austria. Wazazi wake walikuwa Mayahudi. Alisomea utabibu Pavia, Padua na Vienna, akahitimu mwaka 1858. Mwaka uliofuata aliingia jeshini kuwa daktari, na huko ndiko alikoanza desturi ambayo hakuiacha mpaka kufa kwake, nayo ni kupima watu. Aliwapima askari vichwa na viungo, akaichunguza michoro waliyojichora mwilini, akajaribu kuona kama askari mtiifu na askari mkorofi wanatofautiana kwa umbo.

Alipotoka jeshini alifundisha Pavia na kuwatibu wendawazimu, na mwaka 1871 akapewa kuiongoza hospitali ya wendawazimu ya Pesaro. Tusimdhulumu, maana alikuwa tabibu mwenye huruma. Alipigana miaka mingi na ugonjwa wa pelagra uliokuwa ukiwamaliza maskini wa mashamba waliokula mahindi na kukosa kingine. Yeye alidhani sababu ni mahindi yaliyooza. Baadaye wataalamu waligundua kwamba ni upungufu wa vitamini. Hata hivyo aliona sawasawa kwamba maradhi yale yalitoka katika sahani ya maskini.

FUVU MOJA, NADHARIA NZIMA

Jambo lililomfanya awe mashuhuri lilianza kwa fuvu la mtu mmoja aitwaye Giuseppe Villella, mzee wa Calabria, kusini mwa Italia, aliyefia mikononi mwa serikali akiwa mfungwa. Lombroso alipolifungua fuvu lile aliona jambo la ajabu. Ndani ya kisogo, mahali ambapo kwa kawaida pana kigongo cha mfupa, palikuwa na kishimo. Yeye alijua kuwa kishimo cha namna hiyo huonekana kwa baadhi ya wanyama. Papo hapo akaona kama amewashiwa taa gizani. Alisema moyoni mwake kwamba mhalifu ni mtu aliyerudi nyuma katika maumbile, mtu wa kale aliyezaliwa katika zama zisizokuwa zake, na ukatili wake si uamuzi wake bali ni urithi.

Lombroso alimtaja Villella kama jambazi hatari. Watafiti wa siku za karibuni waliopekua karatasi za kale wameona kwamba mzee yule alihukumiwa kwa wizi. Kwa hiyo fuvu lililobeba nadharia nzima ya wauaji halikuwa fuvu la mwuaji.

Mwaka 1876 Lombroso alitoa kitabu chake kikubwa juu ya mtu mhalifu, na mwaka huo huo akawa profesa katika chuo kikuu cha Turin. Kitabu kilipigwa chapa mara tano, kila mara kikizidi kunenepa, mpaka kilipokuwa majuzuu kadhaa miaka ya 1896 na 1897. Ndani yake zilitajwa alama za mhalifu: taya kubwa, masikio yaliyosimama, mikono mirefu, ndevu haba, kutohisi maumivu, na kupenda kujichora mwili. Mwuaji, kwa maneno yake, ana macho baridi yasiyochezacheza na pua iliyopinda kama ya mwewe. Mwizi ana macho yasiyotulia.

Kisha aliwagawa wahalifu mafungu. Wako waliozaliwa hivyo, wako wendawazimu, wako wanaochukuliwa na hasira au mapenzi, na wako wanaoponzwa na nafasi iliyojitokeza. Mwanzo alidhani wengi wao ni wa kuzaliwa. Alipobanwa na wapinzani akapunguza mpaka takriban theluthi. Na hao wa theluthi aliona hawana dawa, ila kutengwa na watu maisha yao yote, au kuuawa.

VERZENI

Sasa nifike mahali ambapo, kwa maoni yangu, daktari huyu alishika ufunguo mkononi kisha akautupa.

Katika kijiji cha Bottanuco, karibu na Bergamo, palikuwa na barobaro wa familia ya wakulima jina lake Vincenzo Verzeni, aliyezaliwa mwaka 1849. Watu walimjua kuwa mkimya, mpenda upweke. Mwishoni mwa mwaka 1870 msichana wa miaka 14 alikutwa ameuawa shambani, na mwezi wa Agosti 1871 mwanamke mmoja naye akauawa vivyo hivyo. Sitaeleza waliyofanyiwa. Yatosha kusema kwamba kila mmoja alinyongwa, na mwuaji hakutosheka na kunyonga. Wanawake wengine walikabwa koo wakaponea chupuchupu. Siku hizi mtu wa namna hii huitwa mwuaji wa mfululizo, lakini zama zile hapakuwa na jina hilo.

Verzeni alipokamatwa, Lombroso aliitwa kumpima. Akampima kama desturi yake. Aliona kichwa ni kikubwa kupita wastani na hakilingani pande mbili, paji la kulia ni jembamba kuliko la kushoto, na sikio la kulia ni dogo. Mwaka 1873 Verzeni alihukumiwa kifungo cha maisha.

Lakini baada ya hukumu kijana yule alifungua kinywa chake. Alieleza kwamba kitendo cha kumkaba mwanamke koo kilimpa raha ya kimwili isiyo na mfano, na raha hiyo ikimjia mapema, basi humwachia mwanamke akaenda zake. Isipomjia, hukaza mkono. Ndiyo sababu wengine walipona na wawili wakafa. Tena alikiri kwamba ni heri abaki gerezani, kwa kuwa akitoka hataweza kujizuia.

Tazama, msomaji, mambo yaliyomo katika maneno hayo. Imo sababu ya kuua mtu asiyemkosea, imo sababu ya kurudia, na imo sababu ya kuwaacha wengine hai. Yote haya yalitoka katika nafsi ya mtu na kupita ulimini mwake. Sikio dogo la kulia halikuweza kueleza hata moja. Lombroso aliyasikia, akayaandika, na wataalamu wa nchi nyingine wakayachukua kutoka kwake. Lakini yeye mwenyewe aliyahesabu kuwa ushahidi wa pembeni, akarudi kwenye kipimo chake cha vichwa.

MSEMA PWEKE HAKOSI

Wahenga walisema, msema pweke hakosi. Lombroso alikuwa akipima wafungwa, lakini hakuwapima vya kutosha watu wema walioko nje ya gereza. Mtu akihesabu masikio makubwa gerezani bila ya kuhesabu masikio makubwa sokoni, atajuaje?

Mpinzani wake mkubwa alikuwa daktari Mfaransa, Alexandre Lacassagne wa Lyon. Walipambana katika mkutano wa Rome mwaka 1885, Lacassagne akishikilia kwamba jamii ndiyo inayolea uhalifu, kama vile kijidudu kisivyodhuru mpaka kipate mahali pa kukulia. Katika mkutano wa Paris mwaka 1889 iliamuliwa kamati iundwe iwalinganishe wahalifu 100 na watu waaminifu 100. Kazi hiyo haikufanywa, na mkutano uliofuata Brussels mwaka 1892 Lombroso na wenzake hawakuhudhuria.

Jibu lilikuja mwaka 1913, yeye akiwa keshakufa. Daktari wa magereza wa Uingereza, Charles Goring, alitoa matokeo ya kuwapima wafungwa wapatao 3,000 na kuwalinganisha na watu wengine, wakiwamo wanafunzi wa vyuo vikuu na askari. Umbo la mhalifu alilolitaja Lombroso halikuonekana.

Nasi tusimcheke sana. Kusoma nyuso ni jambo la kale hata kwetu Waislamu. Imamu Fakhruddin al-Razi, mwanachuoni aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 13, aliandika kitabu juu ya elimu ya firasa. Lakini pia tumefunzwa kwamba kila mtoto huzaliwa juu ya fitra, na kwamba kadhi hahukumu kwa sura bali kwa ushahidi. Hilo la pili ndilo lililokosekana kwa Lombroso, kwani alichukua dhana akaivisha kanzu ya elimu, ikaingia mahakamani. Watu wa kusini mwa Italia, maskini kama Villella, wakatiwa doa kwamba uhalifu uko katika damu yao.

Yeye mwenyewe alikuwa Yahudi, na mwaka 1894 aliandika kitabu cha kupinga chuki dhidi ya Mayahudi. Mwaka 1938 serikali ya Italia ilitoa sheria za kuwafukuza Mayahudi shuleni na kazini, kwa hoja ya damu na ukoo. Fimbo ya kupimia watu ina ncha mbili.

MWISHO WAKE

Mwaka 1897 Lombroso alikwenda Urusi kwa mkutano wa matabibu, akamzuru mwandishi mkubwa Tolstoy. Alikuwa ameandika zamani kwamba watu wenye akili nyingi mno ni jirani wa wendawazimu, na alitaraji kumkuta mzee dhaifu. Tolstoy, akikaribia miaka 69, alimchukua kuogelea, na mgeni ndiye aliyeshindwa kumfuata. Hawakupatana katika mazungumzo pia, na miaka miwili baadaye Tolstoy aliigusa nadharia ile kwa dharau katika riwaya yake ya mwisho kubwa.

Uzeeni daktari huyu alivutwa na mambo ya kuita mizimu, jambo lililowashangaza wengi waliomjua kuwa mtu asiyeamini ila kinachopimika. Alifariki Turin tarehe 19 Oktoba 1909. Kwa wasia wake maiti yake ilipasuliwa na mifupa yake ikahifadhiwa. Mpaka leo imesimama katika makumbusho yenye jina lake mjini Turin. Fuvu la Villella nalo limo humo. Watu wa kijiji chake walishtaki warudishiwe wamzike, wakashinda mwaka 2012, lakini mahakama za juu zikaamua mwaka 2017 na 2019 kwamba libaki pale.

WALIOMFUATA

Kazi ya kuwagawa wauaji mafungu haikuzikwa naye. Katika miaka ya 1970 na 1980 wapelelezi wa FBI huko Marekani waliingia magerezani kuzungumza na wauaji 36. Hawakupima masikio. Walisikiliza, na hayo yalikuwa maendeleo. Wakatoka na mafungu mawili: mwuaji mwenye mpango, anayejiandaa na kuficha nyayo zake, na mwuaji asiye na mpango, anayeua kwa pupa na kuacha kila kitu ovyo. Mgawanyo huo ukaenea duniani kote. Lakini mwaka 2004 wanasaikolojia wa Uingereza, akiwamo David Canter, walipouchunguza kwa mauaji 100 ya wauaji 100, hawakuona mafungu mawili yaliyotengana. Dalili za mpango zilikuwamo karibu kwa wote, na zile za ovyo zilichanganyika kila mtu kwa namna yake. Siku hizi hata maana yenyewe imefanywa fupi: ni mtu aliyeua watu wawili au zaidi kwa nyakati mbalimbali. Haisemi lolote juu ya uso wake.

Mambo yanayojulikana kuhusu wauaji hawa yanatisha kuliko kitabu cha Lombroso. Wengi wao wana kazi, wana wake na watoto, na jirani huwaamkia asubuhi. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Kikulacho ki nguoni mwako. Anayengoja kumtambua mwuaji kwa taya lililopinda atampisha mwuaji mwenye uso mzuri, na huku amempiga asiye na hatia.

Mzee mfua nazi aliishi miaka kadhaa baada ya siku ile, lakini hakutufulia nazi tena. Nilikuwa nikimpita mlangoni pake nikienda chuoni, nami sikuwahi kumwomba radhi. Leo nikisoma habari za kishimo katika kisogo cha Villella, naona kwamba profesa wa Turin na watoto wa mtaa wetu tulikuwa darasa moja. Tofauti yetu ni kwamba yeye alishika kipimo, na sisi tulishika mawe.