Clement Chesterman, munganga wa Yakusu aliyepeleka matunzo vijijini

Ukishuka na mtumbwi kutoka Simi-Simi, chini ya mto, unafika Yakusu. Hapo ndipo Clement Chesterman, munganga Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1894, alifika mwaka 1920, akitumwa na misheni ya Wabaptisti. Kisangani ile wakati iliitwa Stanleyville.

Ugonjwa wa usingizi ulikuwa unamaliza vijiji. Chesterman alizunguka na mikroskopu na sindano, akitumia dawa mpya iliyoitwa tryparsamide. Ulikuwa wakati wa koloni: watu walipangwa mstari, na si kila mara waliulizwa kama wanataka. Lakini ugonjwa ulipungua sana.

Aliona haraka kwamba munganga mmoja katika lopitali moja hawezi kufikia watu wote wa mtoni na wa porini. Basi akafundisha vijana Wakongomani kupima damu, kupiga sindano na kusafisha vidonda. Kiisha akawaweka katika dispansere za vijijini, karibu na jamaa zao. Aliandika pia kitabu cha mwongozo kwa kazi ya dispansere, na kitabu hicho kilitumika hata nje ya Kongo.

Kwa uzazi, mambo yalikuwa magumu zaidi. Kuzalisha ilikuwa kazi ya wamama wazee wa jamaa. Mama aliletwa lopitali wakati nguvu zimekwisha, mara nyingi mtoto amekwisha kufa tumboni. Tena, wauguzi wale walikuwa wanaume, na mwanaume kuingia mahali mama anazaa ilikuwa haya kubwa. Sindano na mikroskopu havikuweza kuondoa ile haya. Walihitajika wanawake: wakunga Waingereza, na pamoja nao wasichana wa hapa waliojifunza kazi na kusema lugha ya wagonjwa wao.

Chesterman aliondoka Yakusu mwaka 1936, akaendelea kufundisha na kushauri juu ya magonjwa ya nchi za joto. Mwaka 1974 Uingereza ilimpa cheo cha Sir. Alikufa mwaka 1983.

Kati ya Walokele, ngoma ya mti ilitangaza kwamba mtoto amezaliwa, na kijiji kizima kilijua. Lakini hatari haimaliziki siku ile. Mama anaweza kutoka damu nyingi katika saa 24 za kwanza, na homa inaweza kuja siku zinazofuata, mama amekwisha kurudi nyumbani. Kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani linaomba mama na mtoto waangaliwe siku ya kwanza, siku ya tatu, kati ya siku ya 7 na ya 14, na juma la sita.

Hapo ndipo somo la Yakusu linabaki na maana kwa Simi-Simi. Reko anayeishi kwenye avenyu moja na mama anaweza kupiga hodi na kuuliza: damu inatoka namna gani? Mwili una moto? Mtoto ananyonya vizuri? Kitovu kimekauka ao kinatoa usaha? Jibu likiwa baya, jamaa isingojee kesho. Mama na mtoto wapelekwe kwenye kituo cha afya saa ile ile, hata kama ni usiku.