Hayati Mzee Kawawa na Sinema ya Watu



Hayati Rashidi Mfaume Kawawa, Simba wa Vita, twamkumbuka kwa uongozi wake. Ni wachache wajuao kwamba kabla ya hapo alikuwa mcheza sinema.

Alizaliwa Songea mwaka 1926, akasoma hadi Shule ya Serikali ya Tabora, kisha akaajiriwa serikalini katika kazi za maendeleo ya jamii. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alikuwa nyota wa Muhogo Mchungu, sinema ya Kiswahili iliyochezwa na Waafrika, juu ya mtu wa shamba anayekuja mjini na kulaghaiwa. Siku zile wataalamu wa sinema wa kikoloni walishikilia kwamba Mwafrika hawezi kufuata picha isipokuwa iende polepole sana.

Kwetu Kurui jina lile halihitaji mfasiri. Muhogo mchungu ni mzuri kwa macho, lakini ukiula kabla ya kuuanika makopa utakudhuru. Mkulima aliyesikia jina tu alikwisha kujua nusu ya hadithi.

Mimi nilijifunza jambo hili kwa aibu. Nikiwa kidato cha tatu tulitunga mchezo wa mashindano, wenye maneno mazito ya kuwapendeza waamuzi. Tukapata zawadi. Wakati wa likizo tukauonyesha Kurui, chini ya mwembe. Hakuna aliyecheka. Akina mama wakaondoka mmoja mmoja. Usiku mama yangu aliniuliza ni nani hasa aliyekufa katika mchezo ule, nami sikuwa na jibu la kumridhisha. Tulikuwa tumewatungia watu watatu waliokaa mezani.

Mzee Kawawa aliendelea kusema na watu wa kawaida. Mwaka 1955 alikuwa Katibu Mkuu wa Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi Tanganyika, na mwaka 1962 Waziri Mkuu. Alifariki tarehe 31 Desemba 2009.

Basi wadogo zetu, mkitunga mchezo au mkipiga picha za sinema, waonyesheni kwanza wapishi wa shule na mama muuza maandazi. Wasipocheka mahali pa kuchekea, rudini mkarekebishe kabla ya kumwita mwamuzi.