Marina Raskova, Mwongoza Njia wa Angani

Wazee wetu waliotumikia jeshi la KAR walisimulia sana vita vya mwaka 1939 hadi 1945. Walipigana Ethiopia, wakapelekwa hadi Burma. Katika vita hivyo hivyo, wako wanawake waliopigana angani. Hebu tusome habari za kiongozi wao.

Marina Raskova alizaliwa Moscow, Urusi, tarehe 28 Machi 1912. Baba yake alifariki Marina angali mtoto. Marina alipenda muziki, lakini aliacha masomo hayo akaenda kufanya kazi kiwandani. Mwaka 1930 alizaa binti, Tanya.

Mwaka 1931 alipata kazi ya kuchora katika chuo cha jeshi la anga. Kila siku aliona ramani, dira na vipimo. Hakuridhika kuchora tu. Aliuliza, akasoma, akafanya mtihani. Mwaka 1933 akawa mwanamke wa kwanza nchini kwake kuwa mwongoza njia wa ndege za jeshi.

Kazi hiyo ni nini? Rubani huendesha ndege. Mwongoza njia hupiga hesabu. Tuko wapi? Upepo unatusukuma upande gani? Mafuta yatatosha? Akikosea hesabu, wote wamepotea.

Tarehe 24 Septemba 1938, Marina na wanawake wenzake wawili, Valentina Grizodubova na Polina Osipenko, waliruka kutoka Moscow kwenda mashariki ya mbali. Walikaa angani zaidi ya saa 26 bila kutua. Walikwenda karibu kilomita 6,000. Ni kama kutoka Kilosa hadi Dar es Salaam kwa reli, mara 20 na zaidi!

Mafuta yakaisha juu ya msitu mkubwa. Ilibidi ndege itue kwa tumbo. Chumba cha Marina kilikuwa mbele kabisa, nacho kingepondwa kwanza. Valentina akamwamuru aruke kwa mwavuli. Marina akaanguka msituni peke yake, na chokoleti kidogo tu mfukoni. Alitembea siku 10 katika miti na matope. Wewe wa Tindiga unajua kinamasi kinavyochosha miguu. Lakini alifika kwenye ndege, akawakuta wenzake wazima. Nchi nzima ikamjua.

Mwezi Juni 1941, majeshi ya Ujerumani yaliivamia nchi yao, iliyoitwa wakati ule Umoja wa Kisovieti. Wasichana wengi waliojua kurusha ndege walitaka kupigana, wakakataliwa. Wakamwandikia Marina barua. Marina alizipeleka hoja zao kwa wakubwa, hata kwa Stalin mwenyewe. Mwezi Oktoba 1941 vikaundwa vikosi vitatu vya wanawake.

Mafunzo yalifanyika katika mji wa Engels, kando ya mto Volga. Masomo ya miaka yalibanwa katika miezi michache. Walipewa sare na viatu vya wanaume. Viatu vilikuwa vikubwa, wakavijaza karatasi.

Kikosi kimoja kilipiga mabomu usiku. Ndege zake zilikuwa ndogo, za mbao na kitambaa. Marubani walizima injini wakikaribia shabaha, ili adui asisikie mapema. Hadi vita vilipokwisha, kikosi hicho kiliruka kwenda vitani zaidi ya mara 23,000. Wajerumani walikiogopa, wakawaita wanawake hao wachawi wa usiku.

Marina hakuuona ushindi. Tarehe 4 Januari 1943 alikuwa akiongoza ndege za kikosi chake kwenda Stalingrad. Hali ya hewa ikawa mbaya. Ndege yake ilianguka karibu na Saratov, na wote waliokuwamo wakafa. Alikuwa na umri wa miaka 30. Tanya alikuwa na miaka 12 tu. Marina alizikwa kwa heshima kubwa mjini Moscow.

Ndugu msomaji, vita havina tamu. Viliacha yatima kila upande. Lakini kumbuka kwamba Marina hakuzaliwa akijua ramani. Alianza na kalamu ya kuchorea, akauliza asichokijua. Nawe umekwisha anza.

Maswali ya kujadiliana

1. Mwongoza njia hufanya kazi gani katika ndege?
2. Kwa nini Marina aliamriwa kuruka kwa mwavuli?
3. Wasichana walikataliwa kwanza. Je, kijijini kwetu ziko kazi ambazo wanawake hukatazwa bila sababu?