Gus Risman: Nahodha wa Mji wa Makaa ya Mawe

Mji wa Workington umekaa ukingoni mwa Bahari ya Ireland, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, katika jimbo ambalo zamani liliitwa Cumberland. Nyuma yake kuna milima, mbele yake bahari, na chini yake makaa ya mawe. Makaa hayo hayakukoma ufuoni. Tabaka zake zilipenya chini ya bahari yenyewe, na wanaume wa mji huo kwa vizazi vingi walizifuata humo humo. Mnamo Julai 1837 maji ya bahari yaliporomokea ndani ya mgodi mmoja wa Workington na kuwazamisha watu 27. Aghalabu miji ya aina hii hukumbukwa kwa misiba yake. Workington, hata hivyo, ilipata jambo jingine la kukumbukwa kwalo: timu ya raga, na mwanamume aliyeijenga wakati wenziwe wa rika lake walikuwa wamekwisha kutundika viatu.

Augustus John Ferdinand Risman, aliyejulikana kwa jina fupi la Gus, alizaliwa tarehe 21 Machi 1911 mjini Cardiff, Wales, katika mtaa wa bandarini ulioitwa Tiger Bay. Wazazi wake walikuwa wahamiaji kutoka Latvia, nchi iliyokuwa wakati huo chini ya milki ya Urusi, na babake alikuwa baharia. Tiger Bay haukuwa mtaa wa Waingereza watupu. Wasomali, Wayemeni, Wanorwe na watu wa visiwa vya Karibiani waliishi humo mlango kwa mlango, wote wakiwa wameletwa na meli zilizokuja kuchukua makaa ya mabonde ya Wales. Risman alilelewa katika mji jirani wa Barry, bandari ambayo kufikia mwaka 1913 ilikuwa ikisafirisha makaa mengi kuliko nyingine yoyote duniani. Hivyo basi, makaa ya mawe yalimzunguka mtoto huyu tangu utotoni, ijapokuwa yeye aliyaona yakipakiwa melini wala si yakichimbwa.

Ili kuelewa maisha yake ni sharti kwanza kuelewa mfarakano uliougawa mchezo wa raga. Msomaji wa Kenya anaujua mchezo huu kwa sura ya wachezaji 15, au ile ya wachezaji 7 ambayo imeiletea nchi yetu sifa. Huko Uingereza ya kaskazini kuna sura ya tatu, ya wachezaji 13, na chimbuko lake ni mshahara. Katika karne ya 19 viongozi wa raga walishikilia kwamba mchezaji hapaswi kupokea hata senti moja. Kwa wakili au mwana wa tajiri sharti hilo halikuwa mzigo. Kwa mchimba makaa aliyefanya kazi hata Jumamosi, kucheza kulimaanisha kupoteza ujira wa siku nzima. Klabu za kaskazini ziliomba ruhusa ya kumfidia mchezaji shilingi 6 kwa siku aliyoikosa kazini, zikakataliwa. Tarehe 29 Agosti 1895 zilikutana katika hoteli moja mjini Huddersfield na kujitenga. Mnamo 1906 wachezaji walipunguzwa kutoka 15 hadi 13, na tangu hapo ikawa ni michezo miwili tofauti. Chama cha zamani kililipiza kisasi kwa marufuku kali: yeyote aliyevuka upande wa pili alifungiwa maisha. Ni vigumu kuiita adhabu hiyo kitu kingine ila ubaguzi wa kitabaka uliovishwa joho la maadili ya michezo.

Risman alivuka akiwa bado kijana wa miaka 17. Aliyemchukua ni Lance Todd, raia wa New Zealand aliyekuwa meneja wa klabu ya Salford, karibu na Manchester. Kwa kutia saini, kijana huyo alijiondolea kabisa matumaini ya kuivalia Wales jezi katika raga ya watu 15, heshima ambayo kila mvulana wa Wales alilelewa akiiota. Aliingia uwanjani kwa mara ya kwanza akiwa na Salford mwezi Agosti 1929. Katika muongo uliofuata Salford ilitwaa ubingwa wa ligi mara tatu, katika misimu iliyokamilika 1933, 1937 na 1939, na mwaka 1938 ikanyakua Kombe la Changamoto kwa kuifunga Barrow 7-4 uwanjani Wembley, Risman akiwa nahodha. Mnamo 1934 klabu hiyo ilizuru Ufaransa, ambako raga ya watu 13 ilikuwa ndiyo kwanza inaota mizizi, na Wafaransa wakawapachika wageni wao jina la Mashetani Wekundu. Jina hilo lilidumu kwa miaka mingi.

Vita vya Pili vya Dunia vilipozuka, jambo la kuchekesha lilitokea. Marufuku ya maisha yalilegezwa ghafla. Majeshi yalihitaji wachezaji, na asi wa jana akakaribishwa kundini. Risman, akiwa askari, aliichezea Wales katika mechi za kijeshi za raga ya watu 15, yaani alikanyaga uwanja aliokuwa ameambiwa hataukanyaga kamwe. Amani iliporejea, mlango ulifungwa tena. Vita hivyo pia vilikuwa na hasara yake: Novemba 1942 Lance Todd alifariki katika ajali ya gari. Wenzake walianzisha tuzo kwa jina lake, Tuzo ya Lance Todd, ambayo tangu 1946 hutolewa kwa mchezaji bora wa fainali ya Kombe la Changamoto.

Mwaka huo wa 1946 Risman alikuwa na umri wa miaka 35. Aliteuliwa kuwa nahodha wa timu ya Uingereza iliyozuru Australia, ziara yake ya tatu huko baada ya zile za 1932 na 1936. Kwa kuwa meli za abiria zilikuwa haba, wachezaji walisafirishwa kwa manowari ya kubebea ndege iliyoitwa Indomitable, wakashushwa Fremantle magharibi mwa Australia, kisha wakalivuka bara zima kwa treni hadi Sydney. Mechi ya kwanza kati ya tatu kuu ilimalizika 8-8, ijapokuwa Uingereza ilibaki na wachezaji 12 baada ya mmoja wao kutolewa. Ya pili waliishinda 14-5, na ya tatu 20-7. Hakuna kikosi kingine cha Uingereza kilichowahi kurudi kutoka Australia bila kushindwa katika mfululizo wa mechi tatu kama hizo.

Hata hivyo, ushindi huo una doa ambalo mwandishi mwaminifu hawezi kulipita. Roy Francis, winga mweusi kutoka Wales aliyekuwa katika kilele cha uwezo wake, hakujumuishwa kikosini. Australia wakati huo ilifuata sera ya kuwazuia wasio Wazungu, na wateuzi waliona heri kumwacha nyumbani kuliko kuwaudhi wenyeji. Nahodha mwenyewe alikuwa zao la Tiger Bay, mtaa ambamo rangi zote ziliishi pamoja. Timu aliyoiongoza haikuruhusiwa kuwa hivyo.

Aliporejea angeweza kustaafu kwa heshima. Badala yake alielekea Workington.

Klabu ya Workington Town ilikuwa changa mno. Ilikuwa imeingia katika ligi mwaka 1945 tu. Kwa miongo kadhaa kabla ya hapo jimbo la Cumberland halikuwa na hata klabu moja katika ligi hiyo, licha ya kuwa kisima cha vipaji. Vijana wake waliondoka mmoja mmoja: Douglas Clark alikwenda Huddersfield, Martin Hodgson akaenda Swinton, Jim Brough akaenda Leeds. Miji ya Lancashire na Yorkshire iliwavuna wachezaji wa Cumberland kama ambavyo viwanda vilivuna makaa na chuma chake. Mzalishaji hakubakiwa na kitu. Tom Mitchell, mkulima aliyekuwa miongoni mwa viongozi wa klabu hiyo, alitaka kugeuza mkondo huo, na alimtaka Risman awe mchezaji na meneja kwa wakati mmoja.

Kazi ilikuwa nzito. Hapakuwa na uwanja wa klabu. Walicheza Borough Park, uwanja wa timu ya kandanda. Wachezaji wengi walikuwa na ajira zao migodini na katika viwanda vya chuma cha pua, na mazoezi yalilazimika kungoja zamu iishe. Risman hakuwa na fedha za kununua timu nzima ya watu mashuhuri. Alichanganya. Kwa upande mmoja aliwakuza vijana wa nyumbani kama Billy Ivison na Vince McKeating. Kwa upande mwingine aliwaleta wageni wachache waliochaguliwa kwa makini, wakiwemo Waaustralia Tony Paskins na Johnny Mudge. Yeye mwenyewe alicheza nyuma, mahali ambapo mtu mzima anaweza kuyasoma mawazo ya wapinzani kabla miguu yake haijalazimika kukimbia, na alipiga mikwaju ya timu.

Mwaka wake wa kwanza ulikuwa haujatimia vizuri pale mlipuko ulipotokea katika mgodi wa William huko Whitehaven, kilomita chache tu kusini mwa Workington. Ilikuwa tarehe 15 Agosti 1947, miezi michache baada ya migodi yote ya Uingereza kutaifishwa. Watu 104 walikufa chini ya bahari. Watatu tu walitoka hai, baada ya takriban saa 20. Hakuna mji katika pwani hiyo ambao haukuguswa. Mashabiki waliosimama Borough Park msimu huo walikuwa watu wa kazi ileile, na wengi wa wachezaji waliowatazama walirudi shimoni Jumatatu. Yamkini hapa ndipo penye siri ya mapenzi ya ajabu waliyokuwa nayo kwa timu hiyo. Haikuwa burudani iliyokodiwa kutoka mbali. Ilikuwa ni wao wenyewe katika nuru ya mchana.

Mei 1951 Workington Town ilifika fainali ya ubingwa, uwanjani Maine Road mjini Manchester, mbele ya watazamaji zaidi ya 60,000. Wapinzani walikuwa Warrington, klabu ya Brian Bevan, winga ambaye hadi leo hakuna aliyefunga trai nyingi kumzidi katika historia ya mchezo huo. Workington ilishinda 26-11. Ilikuwa imeichukua klabu hiyo misimu sita tu kutoka kuzaliwa hadi kuwa mabingwa.

Mwaka uliofuata ilikuwa zamu ya Wembley. Tarehe 19 Aprili 1952 Workington ilikutana na Featherstone Rovers, klabu ya mji mwingine wa makaa, huko Yorkshire. Featherstone ni kule ambako askari waliwafyatulia risasi wachimbaji waliofungiwa kazi mwaka 1893, wakawaua wawili. Miji miwili ya wachimbaji, yote ikiingia Wembley kwa mara ya kwanza, ilijikuta ikitazamwa na watu 72,093, na watazamaji wa televisheni pia. Nahodha wa Featherstone alikuwa Eric Batten, mmoja wa waliosafiri na Risman ndani ya Indomitable.

Risman alikuwa na umri wa miaka 41 na siku 29. Vijana wengi uwanjani walikuwa hawajaanza shule alipocheza mechi yake ya kwanza. Workington ilishinda 18-10, na mzee huyo akapanda ngazi za Wembley kulipokea kombe, miaka 14 baada ya kulipokea akiwa na Salford. Mchezaji bora wa siku hiyo alitangazwa kuwa Billy Ivison, kijana wa Cumberland, ambaye kwa hiyo alitunukiwa Tuzo ya Lance Todd. Mtu aliyemtoa Risman Wales akiwa kijana alikuwa amekufa miaka kumi iliyopita, na sasa jina lake lilikuwa mikononi mwa kijana aliyelelewa na Risman.

Risman aliondoka Workington mwaka 1954, akacheza kwa muda mfupi Batley, na kustaafu Desemba mwaka huohuo. Alikuwa amecheza mechi 873 na kupata pointi 4,050 katika muda wa miaka 25. Baadaye alizifunza klabu nyingine, na mnamo 1958 akachapisha tawasifu ambayo ndani ya kichwa chake alijiita asi. Kwa mzaha au kwa uchungu, neno hilo lilikuwa lile lile ambalo wakuu wa raga ya watu 15 walikuwa wamempachika.

Mwanawe Bev, aliyekulia Cumberland, alianza katika mchezo uliomfungia babake milango, akaiwakilisha Uingereza, kisha naye akavuka. Mwaka 1968 alitwaa Kombe la Changamoto akiwa na Leeds katika uwanja wa Wembley uliofurika maji ya mvua. Kocha wa Leeds siku hiyo alikuwa Roy Francis, yule yule aliyeachwa nyumbani mwaka 1946.

Gus Risman alifariki tarehe 17 Oktoba 1994. Alikuwa miongoni mwa wachezaji tisa wa kwanza kuingizwa katika orodha ya mashujaa wa raga ya watu 13 nchini Uingereza mwaka 1988. Sanamu yake imo kati ya tano zilizosimamishwa Wembley mwaka 2015, na nyingine ilizinduliwa mwaka 2023 katika ghuba ya Cardiff, pamoja na za Billy Boston na Clive Sullivan, si mbali na mahali alipozaliwa. Workington Town ilirudi Wembley mwaka 1955 na 1958, na mara zote mbili ikashindwa. Migodi ya pwani hiyo ilifungwa mmoja baada ya mwingine, wa mwisho mkubwa ukiwa ule wa Haig huko Whitehaven mwaka 1986. Ubingwa wa 1951 na kombe la 1952 vimebaki kuwa vya pekee.