Edward Saidi Tingatinga: rangi ya baiskeli iliyozaa sanaa

Picha za tingatinga zinajulikana duniani kote, lakini kabla ya kuwa jina la picha, Tingatinga lilikuwa jina la mtu. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 huko Tunduru, kusini mwa Tanzania. Kama vijana wengi wa huko wakati ule, aliondoka nyumbani kutafuta kibarua. Alifanya kazi katika mashamba ya mkonge Tanga, kisha akahamia Dar es Salaam.

Mwaka 1968 hivi alianza kuchora. Hakupita chuo cha sanaa, na rangi za wachoraji zilikuwa ghali. Akachukua vipande vya mraba vya bodi ya dari na rangi ya mafuta inayong'aa, ile ya kupaka baiskeli. Alichora chui, tembo na ndege, na picha zikauzwa kwa wageni Oyster Bay. Punde ndugu na vijana wa kwao wakaja kujifunza kwake.

Rangi hiyo ndiyo wengi wetu tunayopaka milangoni na madirishani, hivyo tueleze inavyotunzwa. Haichanganyiki na maji; huzimuliwa kwa tapentaini, kidogo kidogo huku ukikoroga. Ukizidisha, itachuruzika na kupoteza mng'ao. Ukimaliza kazi, futa brashi kwa gazeti kuukuu, ioshe kwa tapentaini mara mbili, kisha kwa sabuni na maji. Tapentaini iliyotumika iache itulie: rangi itazama chini, nawe utamimina ile safi ya juu na kuitumia tena. Usiimwage karibu na kisima au mto.

Fanya kazi hiyo penye hewa, mbali na jiko na sigara, kwa sababu mvuke wake hushika moto na huumiza kichwa. Usitumie petroli. Usiweke tapentaini kwenye chupa ya soda. Mtoto ataidhani kinywaji. Akiinywa, usimtapishe, mpeleke kituo cha afya mara moja.

Tingatinga hakupata muda mrefu wa kufaidi kazi yake. Mwaka 1972, jijini Dar es Salaam, polisi walimpiga risasi wakidhani ni mhalifu anayekimbia. Akafa akiwa na miaka 40 hivi, baada ya kuchora kwa miaka minne tu.

Sanaa yake ingeweza kuzikwa pamoja naye. Haikuzikwa, kwa sababu alikuwa amekwisha kuwafundisha wenzake. Wanafunzi wale waliendelea kuchora, nao wakafundisha wengine, na mwaka 1990 wachoraji wakaunda chama chao cha ushirika Dar es Salaam. Hadi leo wachoraji wa tingatinga wanatumia rangi ileile ya mafuta inayouzwa katika maduka ya vifaa vya ujenzi.