Annie Oakley na Fimbo ya Mbali

Wahenga walitwambia kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka. Methali hii twaijua sote tangu utotoni, lakini ni wachache walioishi kwa kuifuata kama alivyoishi Bi. Annie Oakley, mwanamke wa Kimarekani aliyesifika duniani kwa shabaha. Wengi humkumbuka kama mtumbuizaji aliyevunja vioo hewani mbele ya wafalme. Leo twapenda kumweleza kwa upande wake mwingine: mwalimu aliyewafundisha wanawake wa nchi yake namna ya kuchagua silaha, namna ya kuichukua njiani, na zaidi ya yote namna ya kuimudu.

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Phoebe Ann Mosey. Alizaliwa tarehe 13 Agosti, 1860, katika wilaya ya Darke, jimbo la Ohio, kwa wazazi wakulima wasiokuwa na kitu. Mwaka wa 1866 baba yake alifariki dunia, baada ya kupatwa na dhoruba ya theluji njiani na kuugua. Mjane akabaki na watoto wengi na mikono mitupu. Haukupita muda mrefu binti huyu akapelekwa katika nyumba ya maskini ya wilaya, na kutoka huko akakodishwa kwa mtu na mkewe ili awalelee mtoto. Kwa muda wa miaka kama miwili alifanyishwa kazi tangu alfajiri hata usiku, akapigwa, na siku moja akatolewa nje pekupeku katika theluji. Maisha yake yote hakupenda kuwataja watu wale kwa jina. Aliwaita mbwa mwitu, basi.

Alipotoroka na kurudi kwa mama yake, aliishika bunduki ya marehemu baba yake. Aliwinda kware na sungura, akauza nyama kwa wenye duka katika mji wa Greenville, nao wakaipeleka kwenye mahoteli ya Cincinnati. Inasimuliwa kwamba wanunuzi walimpenda kwa sababu alimlenga mnyama kichwani, hata nyama ikafika mezani bila marisau ndani yake. Alipokuwa na umri wa miaka 15 hivi alikuwa amekwisha lipa deni lililokuwa juu ya shamba la mama yake. Basi bunduki kwake haikuwa pambo wala mchezo. Ilikuwa jembe lake.

Shabaha hiyo ndiyo iliyomkutanisha na Frank Butler, mzaliwa wa Ireland, aliyekuwa akizunguka mijini na kuwaalika wenyeji washindane naye kwa fedha. Binti huyu mwembamba, ambaye hata utu uzimani kimo chake hakikupita sana sentimita 152, alimshinda kwa shabaha moja. Butler hakukasirika, alimposa, wakaoana. Kuanzia mwaka wa 1882 walionyesha michezo yao pamoja jukwaani, na polepole mume akatambua kwamba watu walimjia mkewe. Akaweka silaha yake chini, akawa msimamizi wa kazi za mkewe, na hatukusikia kwamba aliona haya kwa jambo hilo. Mwaka wa 1885 waliingia katika kundi la maonyesho la Buffalo Bill, na mwaka wa 1887 walifika London, wakati wa sherehe za miaka 50 ya utawala wa Malkia Victoria.

Huko London ndiko alikopata somo ambalo baadaye aliwarithisha wengine. Bunduki alizozizoea zilikuwa nzito na vitako vyake havikulingana na mwili wake. Fundi mmoja mashuhuri wa mji ule, Charles Lancaster, alimpima kama fundi cherehani ampimavyo mteja, kisha akamtengenezea bunduki nyepesi zilizomkaa begani sawasawa. Shabaha yake ikazidi kuwa kali. Tangu hapo alijua kwamba silaha humfuata mwenyewe. Mwenyewe hapaswi kujipinda ili aifuate silaha.

Karne ya 20 ilipoanza, wanawake wengi wa Marekani walikuwa wamekwisha anza kwenda kazini peke yao, kupanda treni peke yao na kurudi nyumbani jioni peke yao. Gazetini Bi. Oakley alionyesha jinsi mwanamke wa namna hiyo awezavyo kujikinga. Shauri lake lilikuwa jepesi. Bastola iliyofungiwa mkobani haina faida, kwani mshambulizi hangoji mwenye mkoba afungue kifungo, apapase kati ya kioo, leso na pochi, ndipo aitoe. Afadhali mwanamke apitapo mahali pa hatari aishike mkononi, ameifunika kwa mwavuli wake. Kwa macho ya mpita njia, huyo ni bibi anayerudi nyumbani na mwavuli wake. Kumbe fimbo iko karibu.

Hapa na tusimame kidogo tulipime shauri hilo kwa elimu ya leo. Kuhusu mkoba alisema kweli, na wafundishaji wa sasa wanakubaliana naye. Wanaongeza kwamba mkoba huporwa, husahauliwa kitini, na hufikiwa na mikono ya watoto. Kwa hiyo hupendelea bastola ikae mwilini, ndani ya ala ngumu inayofunika kifyatulio. Tena bastola ndogo mno, ijapokuwa hufichika kwa urahisi, huruka mkononi ipigapo na ni ngumu kulenga; na ile nzito mno huachwa nyumbani siku ya pili. Inayofaa ni ile ambayo mpini wake unajaa kiganjani na kidole kinafika penye kifyatulio bila kunyooshwa. Ama mwavuli, unamfaa mtu aliyezoea silaha tangu udogoni. Kwa mgeni wa jambo hilo, bastola iliyoshikwa mkononi njia nzima ni hatari kwake mwenyewe kwanza. Tukumbuke pia kwamba majimbo mengi ya Marekani yalikataza au kuzuia kuchukua silaha kwa siri, na sheria hizo zililegezwa sana tangu miaka ya 1980.

Bi. Oakley mwenyewe hakudhani kwamba chuma peke yake kinaokoa. Ndiyo maana alifundisha. Inakadiriwa kwamba wanawake wapatao 15,000 walipitia mikononi mwake, na kuanzia mwaka wa 1915 alifundisha wengi huko Pinehurst, katika jimbo la North Carolina. Mwaka wa 1898, vita na Hispania vilipokaribia, alimwandikia Rais McKinley kujitolea kuleta wanawake 50 wenye shabaha, na mwaka wa 1917 alijitolea tena. Mara zote mbili hakukubaliwa.

Hata hivyo maisha yake yalimwonyesha mpaka wa silaha. Mwezi wa Agosti, 1903, magazeti yalitangaza kwamba Annie Oakley amekamatwa Chicago kwa wizi, ati apate fedha za kununulia kokeini. Aliyekamatwa alikuwa mwanamke mwingine, aliyejitwalia jina lake. Heshima yake ilichafuliwa nchi nzima kwa siku moja, na hapakuwa na bastola ya kumsaidia. Alikwenda mahakamani. Aliyashtaki magazeti 55, akasafiri kutoka mji hata mji kutoa ushahidi, na hadi mwaka wa 1910 alikuwa amepata haki yake katika mashtaka 54.

Nasi twaona jambo jingine, ambalo lilikuwamo katika maisha yake tangu mwanzo. Mbwa mwitu wake hawakumvizia njiani gizani. Alilala chini ya paa lao na kula mezani mwao. Kikulacho ki nguoni mwako. Mpaka leo, wanawake wengi wanaouawa Marekani huuawa na watu wanaowajua, mara nyingi mume au mchumba, na silaha iliyowekwa nyumbani kwa kinga huweza kugeuzwa dhidi ya mwenyewe. Mwavuli wa Bi. Oakley ulikuwa jibu kwa mtu wa njiani. Kwa yule wa nyumbani, mtoto yule wa Darke hakuwa na jibu ila kukimbia, na bahati yake ni kwamba alikuwa na mama wa kumkimbilia.

Mwaka wa 1922 aliumia vibaya katika ajali ya gari huko Florida, lakini alirudi kulenga shabaha akiwa na chuma mguuni. Alifariki tarehe 3 Novemba, 1926, huko Greenville, mji uleule alikouza kware zake za kwanza. Mumewe alimfuata baada ya siku 18.

Wanafunzi wake walirudi makwao na jambo moja lililo kubwa kuliko bastola, nalo ni yakini kwamba maisha ya mwanamke yanastahili kulindwa, na kwamba yeye mwenyewe anaweza kujifunza kuyalinda. Fimbo yaweza kuwa silaha, yaweza kuwa mahakama, yaweza kuwa mlango wa jirani ulio wazi usiku. Ila iwe karibu.